Maisha ya Alcide d'Orbigny, Msomaji wa Mchanga

Ndugu Mhariri wa gazeti letu aliponiandikia kuniomba makala juu ya maisha ya mtu mashuhuri wa kale, nadhani alitazamia nimwandike mpigania uhuru au mtawala. Watu wa namna hiyo wamekwisha kuandikwa sana katika magazeti ya shule, na wameandikwa vizuri. Mimi nimemchagua Mfaransa aliyefariki mwaka 1857, ambaye hakupata kukanyaga Afrika Mashariki. Wengi wenu huenda hamjamsikia, ingawa katika taaluma ya jiolojia maneno aliyoyatunga hutumika kila siku, hata hapa Tanzania. Naomba mnistahimili. Nina deni naye, na deni lenyewe lilianzia hapa hapa wilayani Ngara.

Mwaka 2006 nilikuwa kijana mwenye shahada mpya na ajira mpya serikalini. Nilipangiwa kusimamia uchimbaji wa kisima cha maji kwa mtambo katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, maana wazee wake bado wapo na wananifahamu. Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Kila mtambo uliposhuka mita moja, nilitakiwa kuchukua chenga za mwamba zinazotoka kisimani, kuzitia katika mfuko, na kuandika zimetoka kina gani. Siku ya pili ikanyesha mvua kubwa ya masika. Nilikuwa nimeandika kwa wino juu ya vikaratasi, na vikaratasi vyote vikalowa, wino ukatoka. Mifuko yapata arobaini ikabaki haina jina. Badala ya kukiri mbele ya mafundi, niliipanga upya kwa kukumbuka tu. Tukateremsha mabomba yenye matundu mahali ambapo mifuko yangu ilionyesha kuwa pana mwamba wenye nyufa, kumbe sipo. Maji yalitoka miezi michache, tena ya tope, kisha pampu ikawa inavuta hewa. Akina mama wakarudi bondeni na ndoo zao, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, hadi kisima kingine kilipochimbwa miaka mitatu baadaye. Katika taarifa yangu niliandika kuwa mwamba wa eneo lile hauna maji ya kutosha. Haikuwa kweli, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika jambo hilo.

Basi turudi kwa Mfaransa wetu. Yeye alikosea mambo makubwa kuliko langu, tena mawili, na mbele ya wataalamu wa Ulaya nzima. Lakini kazi yake ingali hai.

Alcide d'Orbigny alizaliwa tarehe 6 Septemba 1802 huko Couëron, karibu na mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari aliyepata kutumika katika jeshi la majini, na alipenda mno elimu ya viumbe. Familia ilihamia Esnandes, kijiji cha pwani karibu na La Rochelle, mahali pa matope na mchanga ambako watu wengi huishi kwa kufuga kome. Hapo baba na mwana walikuwa wakichota mchanga ufukoni, wakiukausha, na kuutazama kwa hadubini.

Walichokiona ni hiki. Kati ya punje za mchanga kulikuwa na magamba madogo sana, mengi yasiyozidi punje ya ulezi, na mengine madogo kuliko hapo. Mengine yamejikunja kama konokono, mengine yamepangana kama shanga zilizotungwa, mengine ni bapa kama sarafu. Kila gamba lina vyumba ndani yake, na ukuta kati ya chumba na chumba umetobolewa kitundu. Wanasayansi waliomtangulia walikuwa wameyaona, ila hawakujua wayaweke wapi. Kijana Alcide aliyakamata na hakuyaachia tena. Alipofika Paris alikuwa na michoro tele, na ili watu wasioweza kuona vitu vidogo kiasi hicho wamwelewe, alichonga mifano mikubwa ya magamba hayo, kila mmoja wa kushikika mkononi, kisha akatoa nakala za plasta. Aina mia moja aliziandalia mifano ya namna hiyo. Sisi tuliosoma katika shule zenye hadubini moja kwa darasa zima tunaweza kukithamini kitendo hicho.

Mwaka 1826, kabla hajatimiza miaka 24, alichapisha mpango wake wa kuwagawa viumbe hao katika makundi, na ndipo alipowapa jina la foraminifera, maana yake wenye vitundu. Jina hilo linatumika hadi leo. Kosa lake la kwanza lilikuwa humo humo. Kwa kuona vyumba vile, aliwahesabu kuwa jamaa ya ngisi na pweza. Mwaka 1835 Mfaransa mwenzake, Félix Dujardin, aliwachunguza wakiwa hai akaona hawana kichwa, wala mikono, wala tumbo. Ni ute tu unaonyoosha nyuzi kupitia vitundu. Leo tunajua kila mmoja ni kiumbe wa seli moja. D'Orbigny alikubali baadaye, akawatenga kabisa na ngisi. Makundi mengi aliyokuwa ameyapanga, hata hivyo, hayakuhitaji kuvunjwa, kwa sababu aliyapanga kwa kufuata umbo alilolipima mwenyewe, si kwa kufuata dhana yake kuhusu ukoo wao.

Mwaka huo huo wa 1826 Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Paris yalimtuma Amerika ya Kusini. Aliondoka Julai na hakurudi hadi mwanzoni mwa 1834. Alipita Brazili, Ajentina, Chile, Bolivia na Peru, mara kwa nyumbu, mara kwa mtumbwi. Alikaa Patagonia kwa miezi mingi kwenye mto Rio Negro. Mwaka 1832 kijana wa Kiingereza aliyekuwa akipita pwani hizo kwa meli, Charles Darwin, aliandika nyumbani kwa wasiwasi kwamba Mfaransa amemtangulia na huenda amekwisha kukomba vilivyo bora. Huko Bolivia, Rais Andrés de Santa Cruz alimsaidia kusafiri nchi nzima, kutoka milima mirefu hadi misitu ya Moxos na Chiquitos. Aliporudi alikuwa na maelfu ya vitu: wanyama, mimea, mawe, visukuku, na maelezo juu ya watu na lugha zao. Uchapishaji wa habari za safari hiyo ulianza 1835 ukamalizika 1847. Ningeweza kuijaza makala hii kwa safari hiyo peke yake, lakini sehemu inayonihusu ni ile aliyoifanya akiwa ameketi.

Kwa maana ukiacha safari ile, d'Orbigny alikuwa mtu wa meza na vikaratasi. Mchanga aliletewa kutoka sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1839 alitoa kitabu juu ya foraminifera wa Kuba, na mwaka 1840 juu ya wale waliomo katika chokaa nyeupe ya eneo la Paris. Mwaka 1846 ukafuata mwingine juu ya aina 228 zilizokusanywa na Joseph von Hauer katika mashapo ya bonde la Vienna. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo leo ni riziki ya watu wengi. Foraminifera wa chokaa ya Paris hawafanani na wa Vienna, na wa Vienna hawafanani kabisa na walio hai baharini leo. Kila tabaka lina wake. Basi ukipewa konzi ya udongo bila kuambiwa umetoka wapi, magamba yaliyomo yanaweza kukuambia ni wa zama zipi.

Kuanzia 1840 alianza kazi kubwa zaidi, ya kuorodhesha visukuku vyote vya Ufaransa, vikubwa kwa vidogo. Hakuimaliza. Lakini kati ya 1850 na 1852 alitoa muhtasari wake wenye aina yapata 18,000, kila aina ikiwa na namba yake, mahali ilipopatikana na tabaka lake. Aliyagawa matabaka ya dunia katika hatua 27, nyingi akizipa majina ya mahali zinapoonekana vizuri: Aptia kwa mji wa Apt, Albia kwa mto Aube, Senomania kwa mji wa Le Mans, Turonia kwa nchi ya Tours. Na hapo likaja kosa la pili. Kwa kuona kuwa viumbe wa hatua moja hutoweka na wengine kutokea, aliamini kwamba uhai wote duniani ulifutwa na kuumbwa upya mara 27. Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya spishi mwaka 1859, miaka miwili tu baada ya d'Orbigny kufa, na baada ya hapo nadharia ile haikuwa na wa kuitetea. Majina ya hatua, lakini, yalibaki. Mtu anayesoma leo taarifa ya kisima kilichochimbwa Lindi atakuta Turonia na Albia zimeandikwa bila maelezo, kama sisi tunavyoandika masika na vuli.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini. Jibu ninaloliona ni kwamba nadharia aliiweka kwenye dibaji, na ukweli akauweka kwenye orodha. Aliyekuja baada yake aliweza kuitupa dibaji na kubaki na orodha, maana kila kitu ndani yake kilikuwa na mahali kilipotoka. Mimi kule kijijini nilifanya kinyume chake.

Wenzake wa Paris hawakumpenda sana, na wengi hawakutaka elimu ya visukuku iwe na kiti chake. Mwaka 1853 serikali iliamua tu, ikaanzisha uprofesa wa elimu ya visukuku kwenye Makumbusho, na kumkabidhi yeye akiwa wa kwanza. Hakuukalia muda mrefu. Alifariki tarehe 30 Juni 1857 huko Pierrefitte, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 54. Mwaka uliofuata serikali ilinunua mkusanyiko wake wa vielelezo zaidi ya laki moja, na uko Paris mpaka sasa.

Sasa mwanafunzi atauliza, magamba haya yanahusianaje na visima? Yanahusiana sana. Mtambo wa kuchimba una keekee inayosaga mwamba. Ukikutana na kisukuku cha kombe kubwa au mfupa, unakiponda, na juu hutoka unga. Lakini gamba dogo kuliko punje ya ulezi hupita salama ndani ya chenga, likapanda na tope la kuchimbia hadi juu. Fundi huloweka chenga, huziosha juu ya chekecheke laini mno, hukausha kilichobaki, kisha huyaokota magamba moja moja chini ya hadubini kwa brashi ndogo yenye unyevu. Mwishoni mwa karne ya 19 Profesa Józef Grzybowski alitumia njia hii kwenye visima vya mafuta vya nchi ya Wapolandi. Miaka ya 1920 wanawake watatu waliofanya kazi katika makampuni ya mafuta mjini Houston, Marekani, yaani Esther Applin, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, walithibitisha kuwa kwa foraminifera unaweza kulilinganisha tabaka la kisima kimoja na la kisima kingine kilicho mbali. Walikuwapo maprofesa waliowacheka. Makampuni hayakucheka, yakaajiri wengine.

Kuna hila moja ambayo kila anayesoma kisima lazima aijue. Kisima husomwa kutoka juu kwenda chini, yaani kutoka zama za karibu kwenda zama za kale. Na kuta zake huporomoka, chenga za juu zikaangukia chini na kuchanganyika na za chini. Tuseme tunachimba shimo karibu na boma la Wajerumani pale Biharamulo. Juu tutapata shilingi zenye kichwa cha Mwalimu Nyerere, chini yake shilingi zenye kichwa cha Mfalme George, na chini kabisa rupia na heller za Wajerumani. Shilingi ya Mwalimu inaweza kudondoka mpaka kwenye rupia, hivyo kuikuta chini si hoja. Lakini rupia haipandi. Mahali pa juu kabisa unapoikuta rupia ya kwanza ndipo inapokuonyesha wakati ilipokoma kutumika. Vivyo hivyo kwa foraminifera. Mwenye kisima hatafuti aina fulani ilianza kuishi lini. Hutafuta pale inapojitokeza kwa mara ya kwanza mtambo ukishuka, kwani hapo ndipo mwisho wake duniani. Na hili halifai kitu kama huna hakika chenga zako zimetoka kina gani.

Pwani yetu imesomwa kwa namna hiyo tangu makampuni ya mafuta yalipochimba visima virefu Mafia, Unguja na Pemba katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2004 gesi ya Songo Songo imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam kwa bomba kuzalisha umeme. Mabadiliko ya kupendeza yalitokea katika miaka ya 2000, wataalamu kutoka Uingereza na kwingineko walipoungana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania kuchimba visima vyembamba Kilwa na Lindi, safari hii wakitafuta foraminifera wenyewe. Udongo wa mfinyanzi wa huko umewahifadhi vizuri ajabu. Kwingi duniani magamba ya zama hizo yamekuwa meupe kama chaki, bali ya Kilwa bado yanang'aa kama kioo. Katika visima hivyo mwamba hutolewa mzima kama mche, hivyo hakuna kuporomoka kunakovuruga. Karibu na Pande, Kilwa, walipita mahali ambapo jamii ya Hantkenina, yenye miiba kwenye gamba, inakoma ghafla. Ni yapata miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu kubwa ilipokuwa ikianza kufunika Antaktika. Mpaka wa zama mbili za dunia nzima unasomwa katika udongo wa Kilwa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwalimu wetu alitupeleka huko, na ndiko nilikolisikia jina la d'Orbigny mara ya kwanza. Nakumbuka niliuliza kama tunaweza kupata foraminifera Ngara. Wenzangu walicheka, na nilistahili.

Kwa faida ya mwanafunzi atakayeuliza kama mimi, jibu ni hapana. Miamba ya vilima vyetu vya Ngara, ile wataalamu waiitayo ya Karagwe na Ankole, nayo ilianza kama mchanga na tope chini ya maji, ikalala tabaka juu ya tabaka kama ya pwani. Lakini ni ya kale kupita kiasi. Miamba ya moto yenye nikeli ya Kabanga iliyopenya ndani yake ina umri wa miaka yapata milioni 1,375, kwa hiyo matabaka yaliyopenywa ni ya kale zaidi. Miamba yenye dhahabu ya Tulawaka, Biharamulo, imezidi miaka milioni 2,500. Foraminifera wenye magamba walianza kuonekana kama miaka milioni 500 na ushei iliyopita. Matabaka yetu yalipolala hapakuwa na kiumbe wa kuacha gamba, na baada ya hapo yalikunjwa na kupikwa ardhini. Huku umri wa mwamba hupatikana kwa punje za zirkoni, ambazo ndani yake urani hugeuka risasi kwa mwendo unaojulikana. Na maji ya kisima hayatafutwi kwa kujua umri, hutafutwa kwa kujua nyufa ziko mita ya ngapi. Mfuko wa chenga, hata hivyo, ni ule ule.

Mwaka 2019 nilipata nafasi ya kurudi katika kijiji kile kwa kazi nyingine. Kisima cha pili kilikuwa kinatoa maji. Kilichimbwa hatua chache tu kutoka pale tulipochimba sisi, katika mwamba ule ule nilioandika kuwa hauna maji ya kutosha. Nilimweleza mwenyekiti wa zamani habari ya mvua na vikaratasi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama yule mama aliyekuwa akitupikia uji nilikwisha kumweleza. Alikuwa amefariki.

Katika mkutano wetu wa mwaka huu nitaleta vichupa sita vya mchanga wa ufukoni, vitatu vya Kilwa na vitatu vya Lindi, nivikabidhi maabara ya shule. Mchanga huo una foraminifera wa siku hizi, na hadubini ya kawaida inatosha kuwaona kama atakayeutazama atauosha kwanza kwa maji baridi na kuukausha. Kila kichupa kina kikaratasi ndani na kingine nje, chenye jina la ufuko na tarehe. Vyote nimeviandika kwa penseli.